Ushahidi wa Kitu cha Kuigiza

Kitu cha kuigiza, ambacho watengenezaji wa programu hukiita moki, ni kipande cha programu kinachoshika nafasi ya kingine wakati wa majaribio na kujibu kama kilivyoelekezwa. Wazo hilo lilielezwa mwaka 2000 na Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig. Swali linalozaliwa hapo ni la kale kuliko kompyuta: ushahidi wa mwigizaji unathibitisha nini?

Mfano ni programu ya kukatia tiketi za kivuko cha Pangani na Bweni, abiria wakilipa kwa M-Pesa. Anayeijaribu hawezi kukata pesa za kweli kila anapobadilisha mstari mmoja, hivyo huweka moki. Ombi la malipo likifika, moki hujibu papo hapo kwamba yamepokelewa, na tiketi hutoka. Moki pia huhesabu maombi. Yakiwa mawili kwa safari moja, jaribio hufeli, na abiria ameepushwa kulipa nauli mara mbili.

Kilichothibitishwa ni mwenendo wa programu mbele ya jibu lile. Kwamba mtandao wa malipo hujibu hivyo ni dhana ya mwandishi wa jaribio, aliyoitia kinywani mwa moki kisha akaisikia ikimrudia. Katika sheria ya Kiislamu shahidi husema alichokishuhudia mwenyewe, na moki haikushuhudia kitu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenganisha imani ya kufuata wengine na elimu yenye yakini. Moki iko upande wa kwanza, wala si aibu, kwani elimu nyingi ya binadamu huanzia huko. Kosa ni kuihesabu kuwa yakini.

Malipo halisi yana hali inayojulikana na kila mwenye simu: pesa zimekatwa, ujumbe haujarudi. Abiria yuko upande wa Bweni, salio limepungua, na mkata tiketi haoni kitu. Mwandishi asiyeifikiria hali hiyo hataifundisha moki, na majaribio yote yatapita. Akiijua, hakuna njia bora ya kuirudia kila siku kuliko moki, maana mtandao wa kweli haukatiki kwa kuamriwa.

Vodacom, inayoendesha M-Pesa nchini Tanzania, ina mazingira ya majaribio ya huduma hiyo kwa watengenezaji wa programu. Majibu ya huko si pesa, lakini yanatoka kwa mwenye mfumo, na kwayo maneno ya moki hukaguliwa kila umbo la majibu linapobadilika. Yanayobaki hujulikana kwa nauli chache za kweli, zikilipwa pale pale kivukoni kabla ya programu kuanza kazi.