Kivuli Kati ya Magego Mawili

Nilipoenda kwa daktari wa meno Novemba iliyopita, hakuna jino lililokuwa linaniuma. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mama bado haielewi. Kwake, kwa daktari wa meno unaenda ukiwa umefunga shavu kwa leso, hujalala siku tatu, na unaenda kung'oa. Yeye mwenyewe aling'olewa magego mawili kwa njia hiyo na jioni akawa ashapika. Mimi nilienda kwa sababu kliniki moja ya mtaani ilibandika tangazo la kusafisha meno kwa nusu bei, na nilikuwa ndio nimelipwa makala niliyoingojea pesa zake miezi minne. Siku kama hiyo mtu hujiona tajiri.

Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Akasafisha, akasema meno yangu yanakaa poa, kisha akapendekeza eksirei kwa sababu kati ya jino na jino macho hayafiki. Akaniwekea mdomoni kibao kidogo chenye kipande kilichotokeza, akaniambia niume. Nikauma, mashine ikalia, tukahamia upande wa pili. Baada ya dakika chache nilikuwa naangalia taya zangu mwenyewe kwenye skrini. Akaweka kidole: hapa, hapa, hapa na hapa. Vivuli vinne. Meno manne ya kuziba, shilingi 5,000 kila moja. Tuanze leo?

Kodi yangu ya nyumba ni 8,500. Nilimwambia naenda kutafuta pesa, ambalo ni jibu la Mkenya kwa karibu kila swali, nikamwomba anitumie zile picha kwa simu. Alinitumia, sikatai. Na tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo si la meno peke yake. Mtu akikuambia u mgonjwa, na wewe huhisi kitu, na ushahidi wake ni kivuli usichojua kukisoma, unamwamini kwa msingi gani?

Nilianza na kivuli chenyewe. Nimekisoma kuliko nilivyowahi kusoma chochote chuoni. Jino lina ganda la nje, enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi, na katikati kabisa kuna neva na mishipa ya damu. Miale ya eksirei hupita kwa shida penye madini mengi, kwa hivyo kwenye picha enameli hutokea nyeupe na dentini kijivu. Bakteria wakila sukari wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini, na pale madini yalipopungua miale inapita bila shida. Hapo ndipo panatokea peusi. Kati ya magego yanayogusana, uozo huanza chini kidogo ya pale yanapogusania, mahali ambapo mswaki haufiki hata upige mara kumi kwa siku. Kwenye picha ukiwa bado mchanga unaonekana kama pembetatu ndogo, ncha yake ikielekea ndani. Daktari anaweza kukumulika na taa na kioo asione kitu. Meno mawili yaliyosimama bega kwa bega hufichiana siri.

Sasa kuna mambo ambayo kivuli hakisemi, na hapa ndipo nilishtuka. Jino lazima liwe limepoteza madini mengi kabla picha haijaonyesha chochote, kwa hivyo uozo wenyewe mara nyingi umefika mbali kuliko unavyoonekana. Lakini kosa linaenda upande wa pili pia. Shingoni mwa jino, pale enameli inapoishia na mfupa haujaanza, miale hupenya kirahisi na kuacha weusi unaofanana na uozo, na si uozo. Mashine ikikaa kwa pembe mbaya, meno hulaliana kwenye picha na huoni kitu. Wala picha haikuambii kwa uhakika kama uso wa jino umeshatoboka au bado ni mzima, na hilo ndilo huamua mengi.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Picha moja haina wakati. Uozo ulio ndani ya enameli tu unaweza kusimama. Mate yana madini, dawa ya meno ina floraidi, na ukisafisha pale katikati, jino hujirudishia sehemu ya kile lilichopoteza. Hata usiposimama, mara nyingi huchukua miaka kuvuka enameli, si wiki. Kivuli cha uozo uliosimama zamani na kivuli cha uozo unaokimbia vinaweza kufanana kama mapacha. Ili kuvitofautisha unahitaji picha ya pili, baadaye. Yaani unahitaji kurudi.

Katika kusoma kwangu usiku nilikutana na mtu ambaye hajanitoka akilini. Picha ya kwanza ya meno ilipigwa Ujerumani Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kugundua miale hii. Otto Walkhoff alikaa na kipande cha kioo mdomoni mwake kwa dakika 25. Leo ni chini ya sekunde moja, na mionzi ya picha moja ya aina niliyopigwa ni kidogo, kama ile unayoipata kwa siku moja hivi ya kuishi tu duniani. Kile kibao cha kuuma kilikuja mwaka wa 1925, ubunifu wa Mmarekani Howard Riley Raper, aliyetaka uozo uonekane kabla haujauma. Lakini niliyetaka kumtaja ni C. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans. Alianza kupiga eksirei mwaka ule ule wa 1896. Enzi hizo ulikuwa ukitaka kupima mashine unaweka mkono wako mwenyewe mbele ya miale. Mkono wake ukapata saratani. Wakamkata vidole, wakamkata kiganja, wakamkata mkono, upasuaji baada ya upasuaji. Mwaka wa 1928 alijitoa uhai.

Na mtu huyo huyo, kwenye miaka ya 1920, wakati madaktari wengi wa Marekani walikuwa wanaamini meno yaliyokufa ndani ndiyo chanzo cha maradhi ya mwili mzima, wakawa wanawang'oa watu mdomo mzima kwa vivuli walivyoona kwenye eksirei, alisimama kupinga. Yaani aliyetoa mkono wake ili kivuli kionekane ndiye alikuwa anasema kivuli peke yake hakitoshi.

Nikapeleka picha zangu kwa daktari wa pili. Huyu ni mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, anaongea polepole kama ana siku nzima. Ada ya kumwona, 1,000. Alizizungusha picha, akazikuza, akanitazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akanivutia kiti karibu na skrini. "Angalia mwanangu," akasema. Kivuli kimoja kilikuwa ni ile giza ya shingo ya jino, si ugonjwa. Viwili vilikuwa ndani ya enameli, havijavuka. Kimoja kilikuwa kimeingia kwenye dentini, na hicho akasema tuzibe. Hivyo viwili, uzi wa meno kila usiku, dawa ya meno yenye floraidi, na urudi baada ya mwaka tupige picha nyingine.

Nilitoka pale nikiwa nimejaa hasira. Nilimwona yule kijana ni mwizi, na nilitaka kuandika makala ya kusema hivyo. Ingekuwa rahisi sana kuiandika. Anayelipwa kwa kila jino analoziba ana sababu ya kuona mashimo, na hakuna anayekata risiti ya kungoja. Jino likishachimbwa, limechimbwa. Kile kijazo hakidumu milele, kitabadilishwa siku moja, na kila kikibadilishwa shimo huongezeka kidogo. Kwa hivyo swali la kuchimba au kutochimba si dogo hata kama shimo ni dogo.

Lakini nilimwandikia kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia ningeweza kungoja. Akajibu usiku, bila hasira. Alisema wateja wake hawarudi. Akiwaambia warudi baada ya mwaka, anawaona baada ya miaka minne, shavu limefura, jino limebaki mzizi, na kazi pekee iliyobaki ni kung'oa. Alisema anaziba mapema kwa sababu anajua watu.

Jibu hilo lilinikalisha chini.

Chuoni nililala chumba kimoja na jamaa wa Nakuru. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kwa sababu maji ya kule yana floraidi nyingi kupita kiasi na doa huingia jino likiwa bado linaundwa utotoni. Hakuna mswaki wa kulitoa. Alikuwa akicheka anafunika mdomo, na watu walidhani ni mchafu. Mimi na meno yangu meupe nilikuwa nacheka mdomo wazi, kumbe huenda kati ya magego yangu uozo ulikuwa ushaanza kujenga. Namtaja kwa sababu yeye ndiye alinisindikiza kwenye ofisi siku niliyoenda kuomba kusimamisha masomo. Karo ilikuwa imekataa kutosha. Karani alinipa fomu ya mwaka mmoja, na kabla sijaondoka akasema, hata si kwa ubaya, "Wengi wanaochukua hii huwa hawarudi."

Nilimchukia huyo mama karani mwaka mzima. Na sikurudi.

Kwa hivyo siwezi kuandika ile makala rahisi. Mimi ni ushahidi wa yule daktari kijana. Kungoja ni dawa nzuri kwa mtu mwenye mwaka ujao: mwenye kazi itakayokuwepo, nyumba ambayo hatahama, 1,000 ya kumwona daktari hata kama hakuna kinachouma. Sisi wengine mwaka ujao ni kitu tunachokisema tu. Daktari anayeniambia "rudi baada ya mwaka" bila kujiuliza kama nitaweza, huenda naye ananidanganya, kwa upole zaidi.

Nimelizungusha hili jambo kichwani kwa miezi. Sasa hivi nafikiri kosa la yule kijana halikuwa kukisia kwamba sitarudi. Kukisia ni haki yake, na takwimu za kliniki yake anazijua yeye. Kosa lake ni kwamba aliweka kidole kwenye skrini akasema jino limeoza, wakati alichokuwa anasema ni kwamba mimi hutabirika. Alichukua hukumu juu ya maisha yangu akaivisha nguo za hukumu juu ya enameli. Na hukumu juu ya enameli sina la kuijibu, kwa sababu siwezi kuisoma. Juu ya maisha yangu ningejibu. Labda ningejibu uongo. Labda ningesema nitarudi huku moyoni najua. Lakini ingekuwa ni mimi nimesema, na shimo, kama lingekuja, lingekuwa langu.

Kuna mtu atasema haya ni mambo makubwa mno kwa kitu kinachotosha kwenye ukucha. Sawa. Lakini fikiria mara ngapi unaonyeshwa picha ambayo hujui kuisoma na mtu anakuambia inamaanisha nini: gari lako kwa fundi, alama zako za mkopo kwenye simu, tumbo la dadako kliniki. Kila mara kuna kitu kwenye picha, na kuna kitu kuhusu wewe, na anayesoma hukuchanganyia hivyo viwili kwenye sentensi moja. Nimeanza kuuliza. Hii unayoniambia, umeiona pale au umeiona kwangu? Fundi wa pikipiki ya jirani alinicheka.

Siku ya kuziba lile jino moja nilimuuliza yule mama daktari anajuaje kwamba nitarudi. Nilikuwa na ganzi, sijui kama maneno yalitoka sawa.

"Sijui," akasema. "Lakini nikichimba yale mawili leo, hata ukirudi sitakuwa na cha kukurudishia."

Hilo lilikuwa Desemba. Uzi wa meno ulinitoa damu wiki mbili za kwanza, sasa hautoi. Nilipoenda nyumbani Pasaka mama alinikuta jikoni usiku nikiuvuta kati ya magego, akauliza kama kuna nyama imekwama. Nikamwambia hapana, hakuna kitu. Akanitazama, akatikisa kichwa, akazima koroboi.

Tarehe ya kurudi iko kwenye simu, ya Desemba ijayo, na kengele mbili. Ile ya chuo pia niliiweka kwenye simu. Simu hiyo iliibiwa kwenye matatu, lakini si hiyo iliyofanya nisirudi.