Kutengeneza Kilichoharibika: Kamera Kuukuu na Suala la Amana Mpakani Tunduma

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kutengeneza, kwa kazi mbili ambazo lugha nyingi huzipa majina mawili: kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na kukirudishia uzima wake kitu kilichopungukiwa nao. Kiwanda cha Japani kilitengeneza kamera mwaka 2004, na fundi wa Tunduma anaitengeneza kamera hiyohiyo leo, wala msikilizaji hatatizwi na sentensi hiyo, kwa sababu mzizi wa neno ni kutengenea, yaani kuwa katika mpangilio unaofaa, na anayetengeneza ni yule anayekifikisha kitu kwenye mpangilio huo, awe wa kwanza au wa mwisho kukigusa. Ndani ya matumizi haya mna dai zito la kifalsafa, kwamba ukarabati ni uumbaji uleule wa mwanzo unaoendelea mikononi mwa mtu mwingine. Dai hilo linastahili kupimwa kwa kitu halisi, na kamera kuukuu ya dijitali inafaa zaidi kuliko kiti au jembe, kwa sababu ndani yake hukaa nyuso za watu.

Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na wenye makao yake makuu Vwawa, umesimama mahali ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde upande wa Zambia, na maisha yake yote yamejengwa juu ya vitu vinavyopita. Kabla simu janja hazijaenea, kamera ndogo ya dijitali ilikuwa miongoni mwa vitu hivyo: ilipiga picha za harusi, za kipaimara, za mahafali na za pasipoti saizi, kisha ikawekwa kabatini simu zilipochukua nafasi yake. Anayeitoa kabatini leo na kuipeleka kwa fundi mara nyingi hafuati chombo chenyewe, maana simu yake inapiga picha zilizo safi zaidi, bali anafuata kilichobaki ndani yake, na jambo hilo linaibadilisha kazi ya fundi tangu mwanzo.

Kamera ya aina hii haina filamu. Mwanga unaopita kwenye lenzi huangukia kihisi, yaani kibamba cha silikoni chenye mamilioni ya vijisehemu vinavyougeuza mwanga kuwa chaji ya umeme, kisha chaji hizo husomwa, hugeuzwa kuwa namba na kuandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kihisi cha kamera nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa cha aina ya CCD, uvumbuzi wa mwaka 1969 wa Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, ambao uliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Lenzi nayo husukumwa nje na kurudishwa ndani kwa magurudumu madogo ya plastiki yenye meno, na hapo ndipo vumbi la kiangazi hufanya kazi yake, kwa kuwa punje moja ya mchanga katikati ya meno hayo inatosha kuizuia lenzi isifunguke wala isifungike, na kamera ikajizima yenyewe baada ya kutoa mlio wa kulalamika.

Mwenye kamera husema, “Imeharibika.” Kiambishi -ik- katika kitenzi hiki hutaja hali bila kumtaja mtenda, tofauti na “imeharibiwa”, ambako yupo aliyeharibu hata kama jina lake limefichwa. Sarufi hii ina rehema ndani yake, kwa kuwa inamruhusu mtu kuleta kitu kibovu mbele ya fundi bila kwanza kujibu nani wa kulaumiwa, na mafundi wenye busara hawaulizi swali hilo mapema. Hata hivyo rehema hiyo yaweza kuficha haki. Mwezi Oktoba 2005 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyake vya CCD, vilivyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2004 na kuuzwa pia kwa watengenezaji wengine wa kamera, vilikuwa na udhaifu katika viunganishi vya waya za ndani, na kwamba joto na unyevunyevu viliviachanisha viunganishi hivyo, hata picha ikatoka ya zambarau, yenye mistari, au giza tupu. Watengenezaji walijitolea kubadilisha vihisi hivyo bila malipo, lakini ahadi ya namna hiyo humfikia mtu aliye karibu na kituo cha huduma cha kampuni na anayesoma matangazo yake, na kamera iliyouzwa mtumba na kupita mikono minne hadi kwenye joto la bonde la Rukwa haikuwa na njia ya kuipata. Mwenyewe alibaki akiamini kwamba imeharibika tu, pengine kwa kosa lake, ilhali ilikuwa imetoka kiwandani na ila yake.

Neno ila lenyewe lina mengi ya kufundisha. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni ugonjwa, na wanafalsafa walioandika kwa lugha hiyo walilitumia pia kwa maana ya chanzo, yaani kile kinachofanya jambo liwe jinsi lilivyo. Kuitafuta ila ya kamera, basi, ni kutafuta ugonjwa na chanzo kwa pamoja, na fundi anayebadilisha kihisi kwa sababu picha ni nyeusi, bila kupima kwanza kama pazia la ndani, yaani shata, limeganda kwa kukaa muda mrefu, ametibu dalili. Neno hitilafu nalo, ambalo leo linatajwa kila umeme unapokatika, kwa asili ni tofauti au kutoelewana, na zipo hitilafu za kamera ambazo ni kutoelewana kabisa wala si ubovu. Kadi za aina ya SDHC, zenye nafasi kubwa kuliko gigabaiti 2, ziliingia sokoni mwaka 2006 zikiwa na utaratibu mpya wa kuhesabu nafasi, kwa hiyo kamera ya mwaka 2003 iliyowekewa kadi ya gigabaiti 8 itaonyesha kwamba kadi ni mbovu, ingawa kadi ni nzima na kamera ni nzima. Betri za kuchaji za ukubwa wa AA hutoa volti 1.2 kwa kila moja badala ya 1.5, na kamera yenye viguso vilivyoota kutu kidogo huziona kuwa zimekwisha, ilhali kipande cha pamba chenye spiriti kingetosha kuzipatanisha pande hizo mbili. Kuifungua kamera ya namna hii kwa bisibisi na kumtoza mwenyewe gharama ya kipuri ni dhuluma, hata kama fundi amefanya hivyo kwa kutojua, kwa sababu kujua kabla ya kugusa ni sehemu ya ujira anaolipwa.

Miongoni mwa hitilafu zote, ile inayodharauliwa zaidi ni ya tarehe, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na maswali ya dini. Ndani ya kamera mna betri ndogo au kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, kinachoiwezesha saa kuendelea kutembea betri kubwa inapotolewa, na kifaa hicho kikichoka baada ya miaka mingi, kila betri inapobadilishwa kamera husahau siku na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, mara nyingi 1 Januari ya mwaka fulani. Picha huendelea kupigwa, nzuri tu, lakini kila moja hubeba ushahidi wa uongo: harusi ya Septemba 2009 yaandikwa Januari 2004, na mazishi ya babu hutangulia kuzaliwa kwa mjukuu aliyembeba. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyeishi kati ya 1931 na 2019, alitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika, akieleza kwamba marehemu hubaki katika Sasa muda wote ambao yupo mtu aliyemfahamu na anayemkumbuka kwa jina, na kwamba huzama katika Zamani pale anapofariki wa mwisho kumkumbuka. Wapo waliopinga jinsi Mbiti alivyouelewa wakati ujao wa Waafrika, na pingamizi zao zina uzito, lakini kuhusu kumbukumbu ya marehemu aligusa jambo ambalo familia nyingi za wilaya za Mbozi na Ileje hulitambua bila kufundishwa. Picha inaingia katikati ya nyakati hizo mbili na kuleta hali mpya, kwa maana huuacha uso ubaki baada ya jina kusahauliwa, na tarehe ikipotoka hata kamba nyembamba ya kumrudishia mtu jina lake, yaani kujua ilikuwa sherehe ya nani na ya mwaka gani, hukatika. Fundi anayebadilisha kapasita hiyo yenye ukubwa wa punje ya dengu anailinda kamba hiyo kwa picha zijazo. Kwa zile zilizopita, haki yake ni kuuliza na kuandika pembeni, wala haimfai kusahihisha kwa kubahatisha.

Linabaki swali la kale la utambulisho. Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale, alitaja jahazi la shujaa Theseus ambalo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine hadi wanafalsafa wakabishana kama lilikuwa jahazi lilelile, na Thomas Hobbes, Mwingereza, aliongeza ugumu mwaka 1655 kwa kumwaza mtu aliyezikusanya mbao zilizotolewa na kuunda jahazi la pili. Mezani kwa fundi, dhana ya Hobbes ni kazi ya kila siku, maana spea za kamera za zamani haziuzwi tena, na njia iliyobaki ni kuchukua lenzi ya kamera iliyokufa kihisi na kuitia katika kamera iliyokufa lenzi, mbili zikawa moja. Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Hobbes, Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikabili suala la namna hiyo kuhusu miili ya wanadamu katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu: ikiwa nyama ya mtu mmoja iliingia katika mwili wa mwingine wakati wa njaa, siku ya ufufuo itakuwa ya nani? Jibu lake lilikuwa kwamba itarudi kwa yule ambaye ilikuwa yake kwanza, na yule wa pili ahesabiwe kuwa aliiazima. Hakuna anayetarajia ufufuo wa lenzi, lakini wazo la kuazima lina nguvu, kwa kuwa linamzuia fundi asikione kipuri kuwa kitu kisicho na historia. Katika Mkoa huu wa Songwe, kijijini Ndolezi wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha chuma na nikeli chenye uzito wa tani nyingi, kilichoingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1930 na kukatwa kipande kwa ajili ya uchunguzi, na hakuna anayesita kukiita Kimondo cha Mbozi kwa sababu ya kovu hilo, ingawa kipande chake kiko mbali. Kimondo hutambuliwa kwa mahali kilipoangukia. Kamera haina mahali pa namna hiyo. Kinachoifanya iwe ileile baada ya kubadilishwa viungo ni mategemeo ambayo watu waliyaweka ndani yake, na mategemeo hayo yakiheshimiwa, hata kamera iliyoundwa kwa mbili yaweza kuitwa kwa haki kamera ya mama fulani.

Ndiyo sababu sheria ya Kiislamu ya biashara inafaa kukumbukwa hapa. Humo mnunuzi ana hiari ya kurudisha bidhaa iliyokuwa na aibu iliyofichwa, na neno aibu katika Kiarabu chake cha asili ni kasoro ya kitu. Katika Kiswahili limehamia zaidi kwenye uso wa mtu. Uhamisho huo ni wa haki: kasoro ya kamera iliyokarabatiwa, ikinyamaziwa, huwa aibu ya fundi. Na amana iliyo ndani ya kadi ni nzito kuliko ya chombo, kwa sababu picha inapofutwa kwenye kamera haiondoki. Kinachofutwa ni maelezo ya mahali ilipo, nazo data zenyewe hubaki hadi ziandikiwe juu. Fundi anayejua hivyo haijaribu kamera kwa kupiga picha kwenye kadi ya mteja, hutumia kadi yake mwenyewe, na akizirudisha zilizofutwa huzirudisha zile tu alizoombwa, hata kama programu imemwonyesha na nyingine.

Upo pia ukomo. Kapasita ya fleshi hubaki na volti zinazokaribia 300 hata baada ya betri kutolewa, na imewahi kuwapiga mafundi wengi waliodhani kwamba kilichozimika kimekufa. Ukungu uliokwisha kula tabaka la juu la lenzi hautoki kwa dawa yoyote. Kumwambia mteja kwamba haiwezekani ni sehemu ya ufundi, ingawa hakuna anayeilipia.

Katika makopo ya spea, hata hivyo, mna jambo ambalo maelezo haya yote hayalimalizi. Fundi hununua kamera chakavu kwa uzito au kwa fungu, huzifungua ili apate lenzi na viguso, na katika moja hukuta kadi iliyosahauliwa, yenye nyuso za watu ambao huenda waliishi Nakonde, Kamsamba katika bonde la Rukwa au mbali zaidi. Fedha alizotoa zilinunua plastiki na chuma. Ni vigumu kushawishika kwamba zilinunua na nyuso. Fikihi ya Kiislamu inaagiza mali iliyookotwa itangazwe kwa mwaka mzima kabla aliyeiokota hajaitumia, na ingawa haikuandikwa kwa ajili ya kadi za kumbukumbu, inampa fundi wa dini yoyote mahali pa kuanzia: aitoe kadi, asiitazame zaidi ya kiasi cha kumtambua mwenyewe, aiweke kwenye bahasha yenye tarehe na jina la aliyemuuzia, na aulizie. Mwaka ukipita bila mtu kutokea, kadi ingali na nafasi ya kuandikwa upya na kuuzwa, na fundi amebaki nayo mkononi, akijua kwamba kitufe kimoja tu ndicho kinachowatenganisha watu hao na Zamani.