Gari la Zamani na Mwenyewe

Kizuri hakikosi ila. Litazame, ewe msomaji, gari dogo la Volkswagen lenye mgongo kama wa kobe. Lilishinda mashindano ya Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962, likiyatangulia magari yenye nguvu zaidi. Injini yake iko nyuma, hupozwa kwa upepo wala haihitaji maji. Tena ni nyepesi kufunguliwa na fundi. Mwenye nalo hujifunza subira, utunzaji na kuridhika na kidogo.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Gari hilo lilikoma kuundwa mwaka 2003 huko Meksiko. Vipuri husakwa, kutu hula bati kimyakimya, na mengi ya zamani yalitoka kiwandani bila mikanda ya usalama. Je, mtu ana haki ya kumpakia mtoto wa mwenzake katika gari bovu kwa kuwa yeye analipenda?

Nasema hana. Kukipenda kitu ni kukitunza. Ukijaliwa kulirithi gari kama hilo, anza na breki, ndipo uijie rangi. Maana gari likiharibika hutengenezwa, lakini roho ikitoka hairudi.