Nani Aseme "Imeisha"?

Fundi akikuambia "gari imeisha", huwezi kujua mara moja kama ufurahi au ulie. Huenda kazi imekamilika, njoo na hela yako uchukue. Huenda gari limechoka kabisa, kaliuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Neno ni lile lile, na sisi wenye lugha hatujaona haja ya kuyatenganisha mambo haya mawili. Kazi imeisha. Unga umeisha. Tumekwisha! Tena tumelitumia neno hilo mpaka limesagika: nimekwisha kula, nimeshakula. Kitendo kizito cha kufikisha jambo mwisho kimebaki silabi moja, "sha", inapita katikati ya sentensi bila mtu kuisikia.

Wengi wetu hapa ni watu wa vitabu, kwa hiyo swali la lini kazi imeisha huwa tunaliuliza juu ya mashairi na riwaya. Mimi nililikuta gereji, Arusha, mwaka jana, katika wiki niliyoshinda nimekalia tairi nikisubiri injini.

Gari langu ni Land Cruiser la zamani, lile la umbo la 60. Injini iliyokuja nalo, 2H, silinda sita za dizeli, ilikuwa imeisha kwa maana ile ya kilo. Inakula oili kuliko dizeli, alisema fundi, akitia chumvi kidogo tu. Tukapata 1HZ ya mtumba, lita 4.2, nayo silinda sita. Hii ni injini ambayo Arusha kila fundi anaifungua gizani, maana magari mengi ya watalii yanatembelea hiyo hiyo.

Watu wasio wa gereji hudhani kubadilisha injini ni kutoa moja na kuweka nyingine. Kushusha na kupandisha ni kazi ya siku moja, ukiwa na chenibloku nzima na vijana wawili wenye mgongo. Kinachokula wiki ni viungo. Maunti za zamani hazikai pale injini mpya inapotaka kukaa, basi ukate na uchomelee. Bomba la maji limetokea upande mwingine. Feni imesogea kutoka kwenye rejeta. Ekzosi inagusa mahali isipotakiwa kugusa. Nyaya ndiyo usiseme. Injini ngeni ni kama mkwe: harusi ni siku moja, kuzoeana na ukoo ni habari nyingine.

Najua mwanafalsafa akifika hapa atataka kuuliza kama hili bado ni gari lile lile. Plutarch aliandika habari za meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja mpaka watu wakabishana kama ni ile ile, na Hobbes katika karne ya 17 akaongeza utundu: je, kama mtu angeziokota zile mbao za zamani akaunda meli ya pili? Swali tamu, lakini mwenye gari Tanzania analo jibu la kiserikali. Kadi ina namba ya chesisi na namba ya injini, ukibadilisha injini unapeleka taarifa TRA, wanaandika namba mpya, maisha yanaendelea. Mimi swali langu lilikuwa jingine, na lilikuwa na tarehe.

Tarehe yenyewe haikuwa yangu. Mjomba wangu ana miaka 78. Ujanani alifundisha shule ya msingi Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na kwa miaka amekuwa akisema anataka kupaona tena. Mwaka jana hospitali ilimpa siku ya kupasuliwa nyonga, Jumatatu. Baada ya hapo, daktari alisema, asahau barabara za vumbi kwa muda mrefu, na mtu wa miaka 78 anajua "muda mrefu" una maana gani. Kwa hiyo tulipanga kuondoka Ijumaa kabla ya ile Jumatatu: mimi na mjomba katika gari langu, rafiki zangu watatu katika gari la pili. Mto wa Mbu, Engaruka, halafu kuendelea kaskazini hadi Ngare Sero na Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai.

Nasema haya ili usije ukanitupia "haraka haraka haina baraka". Methali hiyo naijua, kama ninavyoijua mwenzake, "ngoja ngoja huumiza matumbo". Ukiziweka pamoja zinafutana, unabaki na akili yako mwenyewe. Kungoja nako kuna mtu anayekulipia gharama. Hapa mtu huyo alikuwa mzee mmoja mwenye nyonga mbovu.

Jumanne jioni injini iliwaka. Wale waliowahi kusubiri injini wataelewa. Moshi ulitoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukaisha (angalia, neno limerudi), na ile sauti ya silinda sita ikatulia. Kijana mmoja wa gereji alipiga mluzi. Nikamwuliza fundi, "Kaka, imeisha?"

Akafuta mikono. "Imewaka, bosi. Kuwaka siyo kuisha."

Robert Pirsig, katika kitabu chake cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, anawaeleza mafundi walioiharibu pikipiki yake. Redio inalia, wana haraka, wanachekacheka, na anahitimisha kwamba tatizo lao ni kutojali. Wamekuwa kama watazamaji wa kazi yao wenyewe. Kurasa hizo zimesomwa sana na zinastahili. Lakini nadhani Pirsig aliitazama sana redio. Gereji ninayoijua mimi redio hailali, Bongo Fleva asubuhi, mpira jioni, na kazi inafanyika kwa mikono inayojali kabisa. Ukitaka kumjua atakayeharibu kazi, mtazame yule aliyesimama pembeni na simu mkononi akitazama tarehe. Mara nyingi ni mteja. Fundi husema "imeisha" kwa sababu anaombwa aseme, anabembelezwa, anaongezewa elfu ishirini ili aseme. Halafu gari likizimika Makuyuni tunasema mafundi wetu waongo.

Huyu wangu hakutaka kusema. Jumatano tulilipeleka gari barabarani hadi Monduli na kurudi. Lilipanda vizuri, halikuchemsha. Mimi moyoni nilishafika Natron. Yeye alipotoka kwenye usukani akaanza kuhesabu kwa vidole. Kava la feni halijafungwa, kwa sababu la zamani haliingii na jipya lazima litengenezwe kwa bati. Geji ya joto ya kwenye dashibodi ni ya injini ya zamani na sensa ni ya injini mpya, haviongei lugha moja. Sindano inakaa katikati hata maji yakiwa yanatokota. Kipande cha kuingizia ile sensa ya zamani kipo kwa mkerezaji. Mipira ya maji ni mipya lakini haijapata joto la kutosha kukaa.

"Lakini haikuchemsha," nikasema.

"Haikuchemsha kwa Monduli."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa anachokisema, na ni jambo la kifizikia kabla halijawa la maadili. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi. Ziwa Natron liko kama mita 600, na mchana ni tanuri. Kwenye lami, ukienda kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unapoza rejeta, feni ni msaidizi. Kwenye mchanga na majivu ya Lengai unatambaa kwa gia ya pili, upepo hakuna, kazi yote ni ya feni, na feni isiyo na kava inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Yaani tulikuwa tumelijaribu gari katika hali ambayo upungufu wake hauwezi kuonekana. Lilikuwa limeisha kwa ajili ya safari ambayo hatukuwa tunakwenda.

Aristotle alitenganisha vitendo vya aina mbili. Kuona ni kitendo kilichotimia muda wote: unaona, na hapo hapo umeshaona. Kujenga siyo hivyo: maadamu unajenga, hujajenga. Mwisho wa kazi uko nje ya kazi. Tatizo la gereji ni kwamba huo mwisho uko nje ya gereji pia, mbali sana, kwenye mchanga usio na mtandao wa simu, na aliyefunga bolti kwa kawaida hatakuwepo. Hapo ndipo neno "imeisha" linapofanya kazi yake ya siri. Tunalichukulia kama taarifa juu ya chuma. Mimi sasa naliona kama makabidhiano. Anayejua anaondoa hatari mabegani mwake na kumpa asiyejua, na asiyejua anashukuru na kulipa.

Nikamwuliza swali ambalo nilidhani ni la busara: "Ungempandisha mama yako?"

"Mama yangu hapandi gari ya mtu," akajibu. Kijana wa mluzi akacheka mpaka akaangusha spana.

Basi, nani mwenye haki ya kuamua? Gari ni langu, hela ni yangu. Kisheria hakuna ubishi. Ujuzi ni wake. Lakini ujuzi wake unamwambia kilichobaki tu, haumwambii kama nyonga ya mjomba inaweza kungoja. Jumatano usiku niliona kwamba mimi na fundi tulikuwa tunabishana juu ya hatari ya mtu wa tatu ambaye hakuwepo, na ambaye sote wawili tulikusudia kumwambia asubuhi ya Ijumaa, kwa tabasamu, "Gari tayari, mjomba." Hiyo "tayari" ingekuwa na heshima zote za nje. Ingembebea begi, ingemfungulia mlango. Ila ingemfanya mzigo.

Alhamisi nilikwenda kwake. Shikamoo, marahaba, chai. Nikamweleza yote, kava, geji, mipira, kama fundi alivyohesabu. Nilitegemea aseme twende tu au aseme basi tuache. Akauliza maswali. Engaruka ni mbali gani kutoka Mto wa Mbu siku hizi? Nikamwambia kama kilomita 60. Mchanga mbaya unaanza wapi? Zaidi baada ya Engaruka. Na kule Natron alikuwa na shida nako? Hapana, Natron ilikuwa ya vijana. Yeye alitaka shule.

"Nimefundisha miaka mingi," akasema, "na silabasi haijawahi kuisha hata mwaka mmoja. Watoto wanafanya mtihani hivyo hivyo. Ila mwalimu mwema huwaambia mada ambazo hakufundisha."

Kuna rafiki yangu, msomi, niliyemsimulia haya, na hakukubaliana nami. Alisema kumpa mzee orodha ya kasoro ni kumtupia mzigo wa uamuzi ambao hana ujuzi nao, kwamba ridhaa ya mtu asiyejua kava la feni ni nini ni ridhaa ya jina tu. Hospitali nako, alisema, wanakupa karatasi utie sahihi, nani anaisoma? Hoja ina uzito. Lakini mjomba hakuulizwa juu ya mabati. Aliulizwa anakwenda wapi na kwa nini, na katika hilo hakuna mtaalamu kumzidi. Bila yeye tusingejua kwamba nusu ya safari, ile nusu ya hatari, tulikuwa tunaifanya kwa ajili yetu wenyewe na kumwandikia yeye.

Ijumaa tuliondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi jua. Fundi alikuja. Sikumwomba, alisimama getini na mfuko wa spana na madumu mawili ya maji ya lita ishirini, akapanda nyuma. Mto wa Mbu tulisimama, tukaacha injini ipoe, akafungua boneti. Mpira wa chini ulikuwa na unyevunyevu. Akakaza klipu, akaongeza maji kiasi cha kikombe. Kila kilomita kumi baada ya hapo tulisimama tena, na rafiki zangu wa gari la pili wakaanza kupiga honi za kejeli. Walikuwa na haki, vumbi letu walilila sana.

Engaruka pana magofu ya mashamba ya kale, mifereji na matuta ya mawe ya watu waliolima hapo kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakaondoka. Mjomba alituonyesha mfereji mmoja kutoka dirishani, hakuweza kushuka kwenye mawe. Shuleni alishuka. Mwalimu kijana alimletea kiti, akakaa kivulini karibu saa mbili, watoto wakamzunguka, akawauliza jedwali la saba. Waliojua walikuwa wawili.

Wenzetu waliendelea Natron. Sisi tulirudi Mto wa Mbu, tukalala hapo.

Kava la feni lilifungwa wiki iliyofuata, na geji sasa inasema kweli, au angalau inapanda na kushuka. Mjomba alipasuliwa Jumatatu ile ile. Anatembea na gongo. Juzi alinipigia kuniuliza kama lile bati linapiga kelele, na kama Ngare Sero kuna mahali pa kulala penye kitanda cha juu kidogo, maana vya chini vinamtesa kuinuka.