Jumatatu: Vipande Vilivyosalia

Soma Yohana 6:12. Kwa nini Yesu, aliyekuwa amelisha umati kwa muujiza, alijali vipande?

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Chupa ya maji haikuguswa. Mwanafunzi wa chuo anayeinunua Kariakoo na kuitupa mtaroni hadhani amemkosea mtu. Lakini mvua huisukuma kuelekea bonde la Msimbazi, na mtaro ulioziba haumwonei huruma jirani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa Jangwani walihamishiwa Mabwepande.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Kambi ilitakiwa iwe safi kwa sababu Bwana alitembea ndani yake.

Ni nani anayeishi mwisho wa mtaro unaopita mbele ya bweni au kanisa lenu?