Ndege Mwenye Nyimbo za Kuazima

Wako watu wasemao ya kuwa alichojifunza mtu kwa mwingine si mali yake. Kwao, kijana arudiye kutoka mbali na lugha ya kigeni na nyimbo za kigeni ni maskini aliyevaa nguo za kuazima. Neno hili hunenwa mara nyingi katika nyumba zetu, na kwa ukali. Twaomba wasomaji wetu walipime pamoja nasi kwa habari ya kiumbe kidogo mno.

Yuko ndege wa rangi ya udongo, uzito wake gramu 12 hivi, ambaye wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Huzaliwa Ulaya, katika magugu marefu ya kando ya mito na mifereji, na ifikapo Agosti huondoka. Husafiri usiku, hupita Uarabuni na Ethiopia, na katika Novemba na Desemba huvuka Kenya akishuka kusini. Huko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ukungu ukitanda, taa za hoteli huwavuta ndege hawa kwa wingi; na tangu mwaka 1969 wachunguzi huwanasa kwa nyavu, huwavika pete mguuni, kisha huwaachilia.

Dume aimbapo, haimbi wimbo wa baba yake, kwa maana baba huwa amekwisha nyamaza makinda waanzapo kujifunza. Bibi Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewachunguza huko Ubelgiji, alieleza mwaka 1979 kwamba kila dume huiga sauti za aina 76 za ndege kwa wastani, na kwamba katika aina 212 alizozitambua, 113 ni za Afrika. Basi mkulima wa Ubelgiji asimamaye kando ya shamba lake mwezi wa Juni husikia vichaka vya Afrika, wala hajui.

Je, ni mwizi huyu? La, kwa kuwa aliyeigwa hakupungukiwa na kitu. Je, ni kasuku tu? Hatudhani. Kasuku hurudia neno kama alivyolipokea. Huyu huchanganya, hukata, hutia sauti ya Ulaya katikati ya mbili za Afrika, na ingawa karibu zote ni za wengine, jike humtambua. Mfinyanzi naye hakuumba udongo, na hakuna amwambiaye kwamba chungu si chake.

Lililo gumu zaidi ni deni. Mahali ambapo kichaka kimekatwa, ndege wa hapo hunyamaza, na mgeni apitaye hana la kujifunza. Akataye kuni ili watoto wapate uji hakusudii kumnyang'anya Mbelgiji kitu, nasi hatuthubutu kumhukumu. Lakini wenye mashamba makubwa, wafyekao mpaka ukingo wa mto na hali hawana njaa, hatuoni udhuru wao.