Nani Atasema "Inatosha"? Fikara juu ya mapumziko na zamu

Ndugu msomaji, usishangae kukuta kriketi mu kitabu kidogo cha desturi zetu. Hapa Oicha mchezo wetu ni mupira wa miguu, na mimi sijaona kiwanja cha kriketi hata kimoja tangu Mbau mpaka Eringeti. Lakini vijana wetu wengi wamesoma Uganda, wengine walikimbilia kule, na wakirudi wanakuja na habari za kule. Mwezi wa sita 2024, Uganda iliposhiriki Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 kwa mara ya kwanza, kijana mmoja wa jamaa yetu alitueleza mchezo huo jioni mbele ya nyumba. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na ule mwenye anashika fimbo, nani atamuambia kama inatosha?"

Swali hilo halikuniacha kulala. Njo maana ninaandika.

Kwanza tueleze mchezo. Katika kriketi timu mbili hazishambuliani kwa wakati mmoja sawa vile mu mupira. Timu moja inashika fimbo na kutafuta mikimbio. Nyingine inarusha mpira na kuudaka. Kisha wanabadilishana. Kipindi cha timu moja kushika fimbo tukiite zamu. Mipira sita iliyorushwa inaitwa ova. Kati ya zamu na zamu kuna mapumziko, na mapumziko hayo hayafanani.

Kuna kriketi ndefu, ya mataifa, inayoweza kuchukua siku tano. Kila timu ina zamu mbili. Kila siku wachezaji wanapumzika dakika 40 kwa chakula cha mchana na dakika 20 kwa chai. Lakini zamu ikiisha na nyingine kuanza, wanapewa dakika 10 tu. Kuna kriketi ya siku moja, ambamo kila timu inapata ova 50. Hapo mapumziko ya katikati ni marefu, nusu saa au hata dakika 45, watu wanakula. Na kuna ile fupi ya ova 20, ambayo mapumziko yake ni kama dakika 20, na mvua ikichelewesha mchezo yanaweza kupunguzwa.

Katika zile fupi, mapumziko yana kazi moja kubwa: timu ya pili inajua deni lake. Tarehe 5 Juni 2024, kule Guyana, Papua New Guinea walishika fimbo kwanza, wakaondolewa wote kwa mikimbio 77. Waganda walipumzika wakijua wazi: tunadaiwa 78. Walilipa kwa taabu, wachezaji saba wakiwa wameshaondolewa, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Sasa turudi ku swali la mzee. Katika kriketi fupi jibu ni jepesi: sheria njo inasema. Ova zikiisha, weka fimbo chini. Kapiteni hana hata ruhusa ya kufunga zamu yake mwenyewe mapema. Lakini katika kriketi ndefu hakuna hesabu ya ova inayomfukuza. Timu inaweza kuendelea mpaka wachezaji kumi waondolewe. Hapo kapiteni amepewa haki ya ajabu: anaweza kusema mwenyewe, "Inatosha, sasa ninyi." Na akikawia sana kusema, siku zinaisha na hakuna mshindi.

Mwaka 2004, kule Antigua, Brian Lara, kapiteni wa West Indies, alishika fimbo mbele ya Uingereza mpaka akafikisha mikimbio 400 bila kuondolewa, ndipo akafunga zamu. Hakuna mtu aliyewahi kufikisha hesabu hiyo katika mchezo wa mataifa wa siku tano. Lakini mchezo uliisha sare, na wengine walimlaumu kwamba alitafuta jina lake kuliko ushindi wa wenzake. Mwaka 2025, kule Bulawayo, Wiaan Mulder, aliyeongoza Afrika Kusini, alifikisha 367 mbele ya Zimbabwe. Wakaenda kula chakula cha mchana. Alikuwa na nafasi, alikuwa na siku, alibakiwa na 34 tu kumpita Lara. Kumbe wakati wa chakula akafunga zamu. Alisema kwamba hesabu ile inafaa ibaki kwa mtu mkubwa kama Lara. Timu yake ilishinda. Wapo waliomsifu, na wapo waliomuona mjinga.

Angalia vizuri saa aliyoamua: ni wakati wa mapumziko. Mtu akiwa katikati ya kazi, mikono inapenda kuendelea. Akikaa chini, akanywa maji, akaangalia wenzake usoni, njo anaweza kupima kama bado anafanya kazi ya wote ao anafanya kazi ya jina lake. Kwa maoni yangu, mapumziko si ya miguu tu. Ni ya kumpa mtu nafasi ya kuhukumu nafsi yake.

Sisi pia tuna desturi za namna hizo mbili. Likelemba ni sawa kriketi fupi: watu kumi, kila juma kila mmoja anatoa franka 5.000, na mmoja anaondoka na 50.000. Hakuna anayeuliza nani ni mkubwa. Zamu yako ikipita, imepita. Kyaghanda cha wazee wetu kilikuwa sawa kriketi ndefu: mwenye neno alisema bila saa ukutani, na heshima yake ilipimwa kwa kujua mwenyewe wakati wa kunyamaza.

Mtu ataniuliza: ipi ni bora, kuzuiwa na sheria ao kujizuia? Zamani ningejibu haraka kwamba kujizuia ni bora, juu ni utu wa ndani. Leo sina haraka hiyo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika teritwari yetu ya Beni, tumejifunza jambo moja baya. Watu waliacha mashamba ya kakao na mihogo wakisema "tutarudi kesho," na kesho haikufika. Hayo si mapumziko, ni kukatizwa. Mapumziko ni pale unapojua utarudi lini na utakuta nini. Na mtu aliyekatizwa mara nyingi anaogopa kuweka chini kitu chochote. Likelemba yenyewe inavunjika pale watu wanapotawanyika, juu aliyekuwa akingoja zamu hana wa kumdai.

Kwa hiyo, tunapoona mtu anang'ang'ania kiti cha komite, cha shirika ao cha jamaa, tusiseme upesi kwamba ni tamaa. Mara nyingine ni woga: nikiachia, nitakuwa nani? Lakini woga wake usiwe adhabu ya wale wanaongoja. Dawa ni kuandika siku ya kupokezana ile siku mtu anapopewa kiti, si siku ugomvi unapoanza. Sheria imshike mkono yule asiyeweza kujizuia, na yule anayeweza, apate sifa yake akiachia kabla ya siku.

Nilimpelekea mzee mawazo haya. Akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza kijana: "Na ule mwenye ameacha fimbo, anaenda kwake?"

"Hapana, Papa. Kisha mapumziko anarudi kiwanjani na wenzake wote. Sasa ni yeye anafuata mpira na kuudaka."

"Basi," mzee akasema, "kama bado ana kazi, ataachia."

Nafikiri hapo njo kuna jibu. Anayeachia zamu tumuonyeshe mapema kazi inayomngoja.